Beki Wetu na Kanga ya Mama

Watu hawampendi beki. Wanamtegemea, wanamlaumu, timu ikifungwa wanamtaja hadi mama yake, lakini kumpenda kwa ile namna ya kusukumana ili akipita akuguse mkono, hilo hawana. Nimeliona misimu mingi kwenye uwanja mdogo wa timu ya wanawake hapa London, mabasi mawili kutoka kwangu Barking. Mechi ikiisha, wachezaji huzunguka kuwapungia mashabiki waliojipanga kwenye uzio. Mshambuliaji alikuwa hafiki mbali. Visichana vilimng'ang'ania na simu zao, vingine vinalia kabisa, vimeshika mabango ya kumwomba jezi. Nyuma yake, akitembea upesi kama mtu anayewahi basi, alikuja yule Mjapani.

Alikuwa beki wa kati, mdogo wa umbo kwa kazi ile, nywele kazifunga kwa utepe mweusi, soksi kazipandisha hadi magotini. Sisemi kwamba alikuwa hajulikani. Walimjua. Baba mmoja angempigia makofi, bibi mmoja wa Kiingereza angemwambia amecheza vizuri, naye angeinamisha kichwa na kupita. Dukani pale uwanjani jezi yenye jina lake ilipatikana, ila ukiitaka uiagize. Kwao Japani, niliambiwa, watu walimtambua hata sokoni. Hapa alipanda basi baada ya mechi na begi lake mgongoni, akasimama mlangoni pamoja na sisi wengine.

Mimi niliona ni uonevu, na uonevu hunipandisha hasira haraka, watoto wangu watakwambia. Nafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno. Hakuna anayefika pale kwa furaha, na jino likitibiwa likapona hakuna anayerudi kushukuru. Likiuma tena ndiyo utawaona, na wa kwanza kukemewa ni mimi niliyekaa mbele. Kwa hiyo nilipomwona yule mtoto wa watu anazuia, anazuia, anazuia, halafu mwingine anapiga goli moja la bahati na kubebwa juu juu, nikasema huyu ni wangu.

Mpira wenyewe niliuanza kwa ajali. Shule ya binti yangu iligawa tiketi kwa wazazi wa wasichana waliokuwa wakicheza, nami nikampeleka mtoto. Alikwenda msimu mmoja, kisha akahamia kwenye mambo ya kucha na nywele. Aliponiambia hataki tena, tayari mimi ndiye niliyekuwa nataka. Mume wangu alicheka hadi akakohoa. Aliwaambia watu msikitini kwamba mkewe sasa ana timu, na wao wakamwuliza nacheza namba ngapi.

Nilikuwa na shoga yangu, anaishi chini ya nyumba yangu kwenye jengo hilo hilo. Mimi nimezaliwa Unguja, yeye ni wa Pemba, na tulikutana hapa hapa Barking, kwenye lifti iliyoharibika. Sakafu za jengo letu ni nyembamba mno. Akipiga chafya huko chini, mimi huku juu namwambia yarhamukillah, naye ananijibu. Tulilea watoto wetu hivyo, kwa kugongeana na kuitana, sahani zikipanda na kushuka ngazi. Watoto wake wakakua, wakahamia Manchester. Halafu mume wake akafa.

Alipokuwa kwenye eda nilikuwa nashuka kila siku baada ya kazi. Nilimpikia, nikamfulia, nikakaa naye akiwa hasemi kitu, na mimi kunyamaza si kazi yangu. Siku eda yake ilipokwisha nilishuka na zawadi, nayo ndiyo chanzo cha haya yote, kwa hiyo niieleze vizuri.

Nilipoondoka nyumbani mama alinipa doti moja ya kanga. Doti, kama kawaida, ni pande mbili zilizo sawa. Ilikuwa nyekundu, pindo lake jeusi, na katikati, pale tunapopaita mji, pana duara kubwa la manjano. Baba aliinunua nilipozaliwa. Nilipokelewa kwa upande mmoja, na upande wa pili mama alinibebea mgongoni. Jina la kanga, yaani yale maneno yanayoandikwa juu ya pindo, siyataji hapa. Yameshatumiwa vya kutosha na watu yasiowahusu.

Wakati ule kanga nyingi zilikuwa zinachapwa Japani na kuletwa kwetu kwa meli. Ya baba ilikuwa mojawapo, na kwenye ukingo kulikuwa na herufi ndogo za Kiingereza zinazosema imetengenezwa Japani. Upande wangu ulikuwa umepindwa zamani kwa cherehani, fundi akazikata zile herufi bila kujali. Upande wa pili zilibaki, zinasomeka. Ule wenye herufi ndio niliompa shoga. Mtu aliyetoka kwenye eda humpi kibovu. Nilimwambia, "Huu ni wa mama yangu. Sasa mimi na wewe tuna doti moja." Akaufunika uso nao, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Wiki ile ile nikamtoa nje. Wengine wangempeleka kwa ndugu. Mimi nilimpeleka uwanjani.

Mwanzoni alikuja kwa ajili yangu tu na kwa ajili ya chai ya tangawizi niliyobeba kwenye chupa. Mambo ya kuotea hakuyaelewa na hadi leo hayaelewi, ila anapiga kelele refa akinyoosha mkono. Nilimwonyesha beki wangu. Nikamwambia mwangalie huyu, usiangalie mpira. Baada ya muda akanipiga kiwiko, "We bwana, hapumziki huyu." Tangu siku ile tukamwita mwanetu. Mwanetu kaumia. Mwanetu kapewa kadi, yule refa hana haya. Mwanetu leo kakonda, hawampi chakula.

Siku moja ya mvua, viti vilikuwa vimelowa. Mimi nilijifunga upande wangu wa kanga kichwani, shoga akautundika wake kwenye uzio ukauke kidogo, kama vile tuko uani. Mechi ikaisha, wachezaji wakapita, mshambuliaji akamezwa na visichana vyake. Mwanetu akaja mbio mbio kama kawaida. Alipofika kwetu akasimama. Akaushika ule ukingo, akainama, akasoma. Halafu akaziba mdomo kwa mkono, akacheka.

"Japan?" akauliza.

Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha kliniki, polepole. Kwamba ni ya mama yangu, kwamba baba aliinunua nilipozaliwa, kwamba ina pande mbili, mmoja huu na mwingine ule wa mwenzangu. Akatazama huu, akatazama ule. Akasema, "Imenizidi umri." Nikamwambia, "Basi ipe kanga shikamoo." Akataka kujua shikamoo ni nini. Nikamweleza kuwa mdogo humwamkia mkubwa hivyo, na mkubwa hujibu marahaba. Akarudi mbele yetu, akaweka mikono mapajani, akainama vizuri kabisa, akasema, "Shikamoo." Tukajibu pamoja, marahaba. Kwenye basi shoga alisema watoto wetu wenyewe wa kuzaa hawajatuamkia vile.

Kuanzia hapo akawa anazitafuta zile kanga. Alikuwa akitoka uwanjani macho yake yanapita kwenye uzio hadi yaone wekundu. Anakuja, anainama, shikamoo, marahaba, anagusa upande mmoja, anagusa wa pili, anakwenda. Haikuzidi dakika. Hatukumwomba jezi wala picha. Mimi nilirudi kazini Jumatatu mtu ananigombeza kwa sababu daktari kachelewa, nami nacheka peke yangu.

Kisha akapendwa.

Ilikuwa mechi ambayo kila mtu aliitazama kwenye televisheni. Dakika za mwisho mpira unaingia golini, kipa kashapitwa, na mwanetu akauzuia mstarini kwa uso. Kwa uso, si mzaha. Akaanguka, akainuka, jicho limefura, akaendelea kucheza na jicho moja. Kipande kile cha video kikazunguka dunia. Binti yangu, ambaye alikuwa hata hamkumbuki, aliniletea simu jikoni: "Mum, she's famous!" Jezi yake haikuagizwa tena, ilitundikwa dirishani. Visichana vikabadilisha majina kwenye mabango.

Nilifurahi mno, wallahi. Nilijisikia kama mama wa bwana harusi.

Timu ikataka kutengeneza video za mashabiki wanaompenda. Walikuja siku ambayo mimi nilikuwa kazini, na shoga alikwenda peke yake. Hilo halikuwa kosa. Jioni aliniambia tu kwamba walimwuliza maswali mawili matatu. Baada ya siku kadhaa binti yangu akaniletea tena simu, safari hii kakunja uso. "Mum, isn't that Bibi's kanga?"

Nikatazama. Shoga yangu kasimama kwenye uzio, kapaka wanja, kautandaza ule upande niliompa. Anaeleza kwa Kiingereza kwamba kanga ile ni ya bibi yake. Kwamba siku moja ya mvua alikuwa peke yake uwanjani, hakuna aliyemjali huyu mchezaji isipokuwa yeye, na mchezaji akaona herufi za kwao akacheka. Hata kuziba mdomo kaeleza, kwa mkono wake mwenyewe.

Nikashuka ngazi na kandambili, simu mkononi.

"Shoga, hii kanga ya bibi yako tangu lini?"

Akacheka. "Weye nawe! Wale watu wa video wanakata maneno. Miye nilisema bibi wa shoga yangu, wakakata hapo pa shoga."

"Na bibi umemtoa wapi? Kanga ya mama yangu."

"Basi, ya mama. Si wote wazee wetu? Kaa, nimechoma vitumbua."

Nikakaa. Nilikula vitumbua vyake na nikamwamini, kwa sababu kutomwamini kungenilazimu kupanda ngazi bila yeye, na sikuwa tayari. Nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka siku moja asimame pale pale kwenye uzio, mbele ya yeyote, aseme kanga hii ni ya mama wa shoga yangu. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Nitasema, mwenzangu, wala usijali. Wiki ijayo tu nasema."

Wiki hiyo ilipofika alikwenda uwanjani kwa gari la watu wengine, mimi nikapanda basi peke yangu. Video ile ilikuwa imemletea watu. Wanawake wetu wa huku, Wazanzibari, Wakenya, mama wawili watatu wa Kikongo, wasichana wao waliozaliwa hapa, wote wakaanza kuja uwanjani, na wote walimtafuta yule mama wa kanga. Wakamwita Mama. Wakamwekea kiti. Nikifika, yuko katikati yao, ananipungia kwa mbali kama unavyompungia mtu mliyesoma naye. Mwanetu akija, anawakuta wao mbele. Mara mbili alinyoosha shingo akanitafuta, akaniona, akainama kutoka kule. Mara ya tatu watu walikuwa wengi.

Nilijiambia acha, mwanamke kafiwa, watoto wako mbali, amepata pa kukaa. Ndivyo nilivyojiambia, na nilikuwa nasema kweli kiasi.

Siku moja akapanda kwangu. Hakuwa amepanda siku nyingi, kwa hiyo nilimkaribisha kama mgeni, nikatoa vikombe vizuri. Akasema mpwa wake ana kazi ya shule kuhusu nguo za kwetu, anataka picha ya kanga, na upande wangu una rangi nzuri zaidi kwa sababu wake unapigwa jua uwanjani. Nimwazime siku mbili. Nikaupiga pasi. Naam, nikaupiga pasi kwanza, nikaukunja kwenye mfuko safi, nikampa. Aliurudisha kama alivyosema, unanukia udi.

Kisha habari zikatoka kwamba mwanetu anaondoka. Msimu ukiisha anarudi Japani, mechi ya nyumbani ya mwisho ni Jumamosi fulani. Nililia jikoni kwangu, na sioni aibu kuandika hivyo. Nikagonga sakafu kwa ufagio kama zamani. Shoga akatoka kwenye ngazi, nikainama kumwambia twende pamoja, mimi na yeye tu, tutundike doti yetu nzima mara ya mwisho.

Akashika kifua. "Jumamosi hiyo? Ah, shoga, siwezi. Nakwenda Manchester kwa mwanangu, kanikatia tiketi ya treni."

Nilimwonea huruma. Nilimwambia pole. Nikamwambia nitamsalimia mwanetu kwa niaba yake.

"Nisalimie sana," akasema. "Mwambie mamaako mwengine anakupenda."

Siku ya mechi nilikwenda peke yangu na chupa yangu ya chai, kanga nimeivaa begani. Nilipotokea upande wa jukwaa letu niliona wekundu. Ukuta mzima wa wekundu, pindo jeusi, maduara ya manjano yamepangana kuanzia uzioni hadi viti vya juu. Nilisimama, na jambo la kwanza nililohisi ni furaha. Nilidhani wamefanya kwa heshima ya mama yangu.

Sasa niseme kuhusu sare, kwa wasioijua. Kwetu kukiwa na shughuli, harusi au maulidi, wanawake wa mwenye shughuli huvaa kitambaa kimoja. Unaambiwa mapema, unachukua chako, unakishona. Ukiambiwa sare umeambiwa wewe ni wa ndani. Usipoambiwa, na watu wakatokea wamevaa, umeambiwa pia, na hakuna haja ya mtu kufungua mdomo. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakiacha kusemezana kwa ajili ya sare. Nilikuwa nawacheka.

Nikasogea. Mwanamke mmoja kijana, lafudhi ya Mombasa, akanitazama begani.

"Dada, sare yako mbona imechuja hivyo? Umeifua na dawa ya madoa?"

"Hapana," nikasema. "Ndivyo ilivyo."

"Labda wewe ulipata za mwanzo."

"Za mwanzo kabisa. Nani kazitengeneza?"

"Mama yetu, yule mbele. Kazichapisha kwa fundi mmoja kule Kenton, kanga ya bibi yake. Kwani hujui? Yeye ndiye wa kwanza kumpenda huyu Mjapani. Maskini, miaka yote alikuwa anakuja peke yake."

Nikatazama kule mbele. Shoga yangu wa Manchester amesimama uzioni, kajitanda upande wa mama yangu, wenye herufi. Nikakumbuka mpwa wa kazi ya shule. Nikakumbuka pasi. Nikakaa kwenye kiti cha mtu, mwenye kiti akaniomba niondoke.

Hasira yangu wakati wote hutangulia. Siku ile haikuja. Kilichokuja kwanza ni aibu, kana kwamba mimi ndiye niliyeiba. Nikauvuta upande wangu kutoka begani nikaushika kifuani, mtu asiniambie tena umechuja.

Mechi siikumbuki. Timu ilishinda. Wachezaji wakaanza kuzunguka, na mshambuliaji safari hii alipita upesi, anapungia huku na huku, hakuna anayemzuia. Aliyekuwa hafiki mbali ni mwanetu. Visichana vilining'inia kwenye uzio vikiliita jina lake. Nikaingia katikati ya watu kwa viwiko, samahani, samahani, hadi nikawa nyuma kidogo ya shoga, mabega mawili matatu kati yetu.

Mwanetu akafika. Akaweka mikono mapajani, akainama. "Shikamoo."

"Marahaba!" uwanja mzima ukajibu. Hata vitoto, hata visichana ambavyo vilistahili vyenyewe kumwamkia yeye. Hakuna aliyewafundisha kwamba neno lile lina mwenyewe. Mwanetu akacheka, lakini macho yake yalikuwa yanatafuta. Akaugusa upande wa shoga. Mkono wake ukabaki hewani, unatafuta wa pili. Akauliza kwa kile Kiingereza chake cha taratibu, nikamsikia vizuri: "Na mwenzako yuko wapi?"

Shoga hakumeza hata mate. "Alirudi kwao. Zanzibar."

"Oh," mwanetu akasema, na uso wake ukaanguka kidogo. "Nilitaka kumuaga."

Nikainua kanga. Nikaiinua juu kwa mikono miwili na kupiga kelele kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza kilikuwa kimenikimbia, "Mimi huyu hapa! Niko hapa mimi!"

Na wanawake wote walionizunguka, wakidhani ndiyo ishara ya kumuaga, wakainua za kwao. Vigelegele vikapasuka. Mbele yangu, nyuma yangu, kila upande, nyekundu na nyeusi na manjano, mpya, zinang'aa, na yangu iliyofifia katikati. Mwanetu akatazama juu, macho yake yakapita kwangu yakaenda kwa jirani yangu na kwa jirani yake. Akaweka mkono kifuani. Akatupungia sote kwa pamoja.

Shoga aligeuka. Alikuwa amesikia sauti yangu, sauti anayoijua kupita sakafu na ukuta. Tukatazamana. Nilimngoja. Hata wakati ule, mbele ya wote wale, angesema neno moja ningeweka mkono begani mwake. Akageuka mbele. Akatandaza ukingo wa kanga juu ya uzio, akampa mwanetu kalamu ya wino mzito amwekee saini.

Mwanetu alisita. Nilimwona anasita, kwa sababu yeye alijua ni kitu cha namna gani, mimi ndiye niliyemwambia. Akamtazama shoga kama anayeuliza kweli? Shoga akaitikia kwa kichwa, andika, andika. Akaandika kando ya zile herufi za kwao, kwa maandishi madogo. Kisha walinzi wakamsogeza mbele.

Nilirudi kwa mabasi yangu mawili. Mume wangu aliniuliza kama tumeshinda, nikasema tumeshinda. Nikaingia chumbani nikaitandaza kanga kitandani nikakaa kando yake.

Baada ya magharibi simu ikalia. Ujumbe wa sauti, wake.

"Shoga wangu! Ndo kwanza nafika kutoka Manchester, nimechoka sina mfano. Haya nipe habari, mwanetu ulimwona? Ulimpa salamu zangu?"

Nyuma ya sauti yake wanawake walikuwa wanacheka. Nikaweka simu chini, na kicheko hakikukoma. Kilikuwa kinatoka chini ya miguu yangu. Walikuwa wote sebuleni kwake, sahani zinagongana, mtu anapiga kigelegele, mwingine anasimulia jinsi mwanetu alivyowapungia.

Hapo ndipo hasira ikafika, na ilikuwa imetulia kuliko nilivyoizoea. Nikashika simu, nikajibu kwa sauti yangu ya kazini.

"Shoga, salamu zako sikuzifikisha. Nilisharudi kwetu, Zanzibar."

Nikatuma. Nikangoja. Chini yangu mtu alimwambia mwenzake anyamaze, Mama ana ujumbe. Halafu nikasikia sauti yangu mwenyewe inapita sakafuni, neno kwa neno, na ilipofika mwisho kule chini hakucheka mtu.